Hoho safi kwa nje, mbegu nyeusi ndani: ugonjwa ulioanzia kwenye ua

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Morogoro. Nina miche kama ishirini ya hoho kwenye viroba nyuma ya nyumba, nimeiegemeza karibu na ukuta na kuifunika kwa neti ya kivuli. Majani ni mabichi kabisa, na hoho zinajaa vizuri bila doa lolote. Tatizo ni nikizikata. Nyingine mbegu zake ni za kahawia, nyingine ni nyeusi, na mbili za juzi zilikuwa na ukungu mweupe umezifunika mbegu zote. Jirani anasema ni upungufu wa kalsiamu, nisage maganda ya mayai niweke kwenye udongo. Kijana wa duka la pembejeo kaniuzia dawa ya ukungu nipulizie kila wiki. Sisi nyumbani tumekuwa tukitoa mbegu, tunaosha, tunapika. Huwa namwagilia jioni nikitoka kazini, kwa ndoo yenye matundu, maji yanashukia juu ya mmea. Sasa nauliza: huu ni ugonjwa gani? Tumeshakula sumu? Na mbegu za hoho hizi naweza kuzipanda?"

Marahaba, dada. Nianze na watoto, maana naona ndilo linalokusumbua zaidi.

Hoho ambayo mbegu zake zimebadilika rangi tu, nyama yake ni ngumu, haina ukungu wala harufu, inalika. Toa mbegu pamoja na ule moyo mweupe unaozishika, osha, endelea na mapishi yako. Hoho yenye ukungu ndani, hata kama ni kidogo, itupe yote. Najua inauma kutupa tunda ulilolilea mwenyewe wiki zote hizo, lakini ndani ya hoho ni uwazi mtupu. Ukungu ukishakomaa humwaga vumbi laini la mbegu zake kwenye ukuta mzima wa ndani, na macho yako hayawezi kuona limefika wapi. Kuosha hakutoi nyuzi zilizokwisha kupenya kwenye nyama. Moto wa jikoni unaua ukungu wenyewe, ila baadhi ya kuvu huacha sumu ambazo haziharibiwi na kuchemsha wala kukaanga.

Kwa hayo mliyokwisha kula, usijitese. Ulikuwa unatoa mbegu, yaani sehemu iliyoathirika zaidi, na hoho inayoingia kwenye mchuzi wa familia ni kidogo. Kama hakuna aliyetapika, kuharisha au kuumwa tumbo lisilopoa, sioni cha kukukimbiza hospitali. Dalili hizo zikijitokeza, nenda kituo cha afya na ueleze mlichokula.

Wengi wakisikia ukungu kwenye chakula wanakumbuka mwaka 2016, sumukuvu ilipoua watu Dodoma na Manyara. Hofu hiyo ina msingi, ila tuitofautishe. Ile ilitoka kwenye mahindi, ikasababishwa na kuvu wa jamii nyingine, na mahindi ni ugali: mtu anayala kwa wingi, siku baada ya siku. Hoho mbichi kutoka bustanini haiko kwenye kundi hilo. Kuna jambo moja tu ambalo lingenitia wasiwasi, nalo ni tabia ya kuchukua hoho au pilipili zilizoanza kuharibika, kuzianika na kuzisaga ziwe unga ili zisipotee bure. Usifanye hivyo kabisa. Ukishasaga huoni tena ukungu, na pilipili iliyokaushwa vibaya ni moja ya vyakula ambavyo sumukuvu hupatikana.

Sasa tuje kwenye ugonjwa. Jirani yako ametaja tatizo la kweli, ila silo lako. Upungufu wa kalsiamu kwenye tunda huleta kuoza kitako, na kuoza kitako kunaonekana kwa nje. Upande wa chini wa hoho, au ubavuni karibu na chini, hutokea bonde la rangi ya majani makavu, ngozi yake ikawa nyembamba na kavu, kisha baadaye linaota ukungu mweusi. Wewe unasema hoho zako hazina doa lolote.

Hata kama zingekuwa nalo, maganda ya mayai yasingekuokoa msimu huu. Yanaoza polepole mno kwenye udongo, na mara nyingi kalsiamu ipo tayari, shida ni usafiri. Kalsiamu husafiri na maji yanayopanda kutoka mizizini, na maji hayo huvutwa zaidi na majani kwa sababu majani ndiyo yanayopumua maji hewani kutwa nzima. Tunda linapumua kidogo sana, kwa hiyo linapata mabaki. Kiroba kikikauka leo kikafurika kesho, safari hiyo inakatika na tunda ndilo linaloumia kwanza. Ukiweka urea nyingi unazidisha shida, maana majani yanakuwa mengi na kunyonya zaidi, na nitrojeni yake ya amonia inashindana na kalsiamu kwenye mizizi. Kinachosaidia kuoza kitako ni unyevu usiopanda na kushuka, na kubadili urea kwa mbolea ya CAN, ambayo ina kalsiamu ndani yake. Nimelieleza hili kwa sababu viroba hukauka haraka na huenda ukakutana nalo kiangazi.

Tatizo lako, kwa jinsi ulivyolieleza, liliingia kupitia ua.

Kesho asubuhi, kabla jua halijakolea, shika ua moja la hoho lililofunguka na uligeuze uso wake juu. Katikati utaona kijiti chembamba kimesimama, kichwa chake kinanata. Hapo ndipo chavua inapotua. Chavua ikishanata, inaotesha kijimrija kinachoteremka ndani ya kile kijiti hadi kwenye mbegu changa zilizoko chini. Njia ni hiyo hiyo kwa kuvu. Mbegu ya ukungu iliyoletwa na upepo, mdudu au tone la maji ikitua kwenye kichwa kile chenye unyevu, inaota, inateremka, inafika kwenye mbegu. Siku chache baadaye ua linadondoka, kovu dogo linafunga kule kwenye kitako, na tunda linaanza kukua likiwa na mgeni ndani. Kwa nje hakuna tundu wala jeraha. Ndani kuna joto, unyevu na chakula.

Kuvu huyo hana haraka. Tunda likiwa changa anaweza kukaa kimya, kisha linapokomaa na kuanza kupata sukari anachangamka. Kutoka ua hadi hoho ya kijani iliyokomaa ni kama siku 35 hadi 50. Kwa hiyo ulichokiona juzi ulipokata ni matokeo ya hali ya hewa ya zaidi ya mwezi mmoja nyuma, na unachofanya leo kitaonekana kwenye hoho utakazovuna mwezi ujao na kuendelea. Wengi hubadilisha umwagiliaji wao, wakikata hoho wiki inayofuata wakaona bado ni nyeusi, wanakata tamaa na kurudi walikotoka. Vumilia hadi maua ya sasa yawe matunda.

Kuvu wanaofanya kazi hii ni wa makundi mawili. Ukungu mweupe, wakati mwingine wenye weupe wa waridi, ni fuzari, jamaa wa yule anayenyausha migomba. Ukungu wa kijivu hadi mweusi, wenye kutia mbegu weusi wa masizi, kwa kawaida ni alternaria. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 fuzari huyu wa ndani ya hoho alianza kuwasumbua wakulima wa vitalu nyumba nchini Kanada, kisha Uholanzi na Ubelgiji, kwa sababu kitalu nyumba kilichofungwa huhifadhi unyevunyevu unaompendeza. Neti yako si kitalu nyumba. Lakini viroba vimebanana, ukuta uko upande mmoja, masika imeshika, na maji yanashukia maua jioni yakalala nayo usiku kucha. Kwa ua la hoho, hapo ni kama limefungiwa ndani.

Usilipie maabara ili kujua kama ni fuzari au alternaria. Kwa bustani ya nyumbani hatua ni zile zile. Muhimu zaidi ni kuhakikisha mlango ulikuwa ua kweli, maana iko milango mingine na tiba yake ni tofauti kabisa.

Chukua hoho saba au nane za ukubwa tofauti, pamoja na zile ndogo ambazo bado hujafikiria kuzivuna. Usizikate kwa mviringo kama za kupikia. Pasua kila moja kwa urefu, kisu kipite katikati ya kikonyo hadi kitakoni, ili uione njia nzima. Kisha tafuta palipooza mapema zaidi, yaani pale penye rangi nzito kuliko pengine pote. Kama weusi umeanzia kule chini, nyuma ya lile kovu dogo la ua, na umepanda kwenye moyo wa mbegu, basi ni ua. Kama umeanzia juu, chini ya ile kofia ya kijani, inua kofia kwa ncha ya kisu uangalie kwa utulivu. Maji hutuama kwenye bonde lile na petali zilizokauka hunata pale, hivyo ukungu unaweza kuanzia hapo. Lakini hapo pia ndipo kiwavi anapopenda kujificha.

Kiwavi akiingia akiwa mdogo sana, tundu lake linakaribia kuziba tunda linapokua, na mtu anaapa kuwa hoho ilikuwa nzima. Tafuta vinyesi vidogo vya kahawia ndani, mbegu zilizotafunwa, nyuzi. Yuko nondo mmoja ambaye viwavi wake wanakula ndani ya pilipili na hoho kwa namna hii, na ni tatizo kubwa kiasi kwamba tangu 2018 Umoja wa Ulaya unadai hatua maalumu dhidi yake kwa mazao ya jamii ya pilipili yanayotoka Afrika. Wakulima wa Kenya na Uganda wanaouza huko wanamjua vizuri. Ukikuta funza weupe wasio na miguu, hao ni wa nzi, siyo wa nondo. Na ukipasua ukakuta nyama imekuwa uji wenye harufu kali, hao ni bakteria waliofuata jeraha. Katika hali zote hizi neti ya kuzuia wadudu na kuokota matunda yaliyoharibika vinafanya kazi kuliko dawa ya ukungu.

Swali moja hujanijibu kwa sababu sikukuuliza: unazihifadhi wapi baada ya kuvuna? Hoho ni mmea wa nchi za joto. Ikikaa siku kadhaa chini ya nyuzi 7 za Selsiasi inaumia, na friji nyingi za nyumbani ziko karibu na nyuzi 4. Mojawapo ya dalili za kuumizwa na baridi ni mbegu kugeuka kahawia, huku hakuna ukungu wowote. Kofia ya kijani nayo hufifia, na ngozi hupata vishimo vidogo. Jaribu hivi: pasua hoho moja iliyotoka mtini sasa hivi na nyingine iliyolala kwenye friji wiki nzima. Kama ya mtini ina mbegu za rangi ya maziwa au manjano hafifu na ya friji ni za kahawia, sehemu ya tatizo lako liko jikoni. Nashuku una matatizo mawili yaliyokutana, maana umetaja za kahawia tupu na zenye ukungu.

Na ukikuta kihoho kidogo cha kijani kimeota ndani ya hoho kubwa, usikitupe kwa hofu. Hicho si ugonjwa, ni namna tu tunda lilivyokua, na kinalika.

Tuzungumzie dawa uliyouziwa. Mankozebu na dawa za shaba, ambazo ndizo huuzwa zaidi, zinakaa juu ya mmea na kuzuia ukungu usiote pale zilipotua. Haziingii ndani ya tunda. Hoho iliyokwisha kuambukizwa huwezi kuiponya kwa kupulizia, hata ukimaliza chupa nzima. Ungeweza kusema basi nilinde maua. Maua ya hoho hufunguka machache machache kila siku kwa wiki nyingi. Ukipulizia leo umelinda ya leo, kesho yanafunguka mengine ambayo hayajaguswa. Na wewe unavuna kila baada ya siku chache kwa ajili ya watoto. Soma lebo mahali palipoandikwa siku za kusubiri kati ya kupulizia na kuvuna, ulinganishe na jinsi unavyovuna. Kwa miche ishirini ya nyumbani, ningeiacha chupa hiyo kwenye kabati lililofungwa. Kama unaitumia hata hivyo, hakikisha lebo inaonyesha imesajiliwa nchini, inataja hoho au mboga za jamii yake, na usizidishe kipimo.

Kinachofanya kazi ni kukausha maua. Mwagilia chini, kwenye udongo wa kiroba, na ikiwezekana asubuhi. Kama kazi haikuruhusu na jioni ndiyo nafasi yako, mwagilia jioni, ila mdomo wa kopo ufike kwenye shina na usilowanishe majani. Hili peke yake naliweka mbele ya mengine yote. Kisha vitoe viroba ukutani na uviachie nafasi kama sentimita 50 hadi 60 kutoka shina hadi shina, ili upepo upite. Vunja vichipukizi vya chini na majani yanayogusa udongo. Inua neti juu zaidi na uache pande zake wazi. Petali zilizokauka zikinata kwenye vitunda vichanga, zipukute kwa kidole unapopita.

Mvua ya masika huwezi kuizuia kwa kopo. Unaweza kutandaza nailoni inayopitisha mwanga juu ya viroba, na itasaidia sana kama pande zote nne ziko wazi. Ukiishusha hadi chini kwa nia ya kuzuia mvua ya upepo, umetengeneza kile kile kitalu nyumba cha Kanada na utaongeza tatizo. Njia nyingine ni kupanga kalenda. Ukihamisha miche kwenye viroba mwishoni mwa Aprili au Mei, maua mengi yatafunguka Juni na kuendelea, hewa ikiwa kavu. Kwa mtu anayelima kwa ajili ya jiko lake ningechagua hii ya kalenda, kisha masika nipande mchicha na matembele kwenye nafasi ile.

Hoho zilizooza, zilizodondoka na zile unazozishuku zikusanye zote. Zifukie kwa kina au zichome, usizitie kwenye mboji. Udongo wa viroba huna haja ya kuumwaga. Vuna mapema pia, zikiwa za kijani na zimejaa, badala ya kuzisubiri ziwe nyekundu, kwa sababu zile siku za kuiva ndizo kuvu anazozitumia. Kata kikonyo kwa mkasi au kisu. Ukivuta unachana kofia, na hapo unafungua mlango mpya.

Mbegu za hoho hizi usipande. Usichukue hata za lile tunda linaloonekana zima kutoka mmea ule ule, maana kuvu anaweza kuwa ameshagusa mbegu ambazo bado zina rangi nzuri. Tena kama uliyopanda ni chotara, watoto wake wasingefanana na mama hata wangekuwa wazima. Kama ni California Wonder au Yolo Wonder, ambazo ni aina zisizo chotara, unaweza kujitunzia mbegu, lakini subiri matunda ya kiangazi na uchague mmea ambao haujawahi kukupa hoho mbovu. Wako wanaoloweka mbegu kwenye maji ya moto ya nyuzi 51 hadi 52 kwa dakika 30 ili kupunguza vimelea. Inafanya kazi kwa mtu mwenye kipimajoto na subira. Bila kipimajoto utazipika, au utaziosha tu bila faida. Pakiti mpya ni nafuu kuliko msimu mzima.

Ziko hali ambazo maelezo ya maandishi hayatoshi. Ukianza kuona kwenye ngozi ya hoho madoa ya mviringo yaliyobonyea, yenye duara ndani ya duara za rangi ya chungwa au nyeusi, hiyo huenda ni chule, na inaenea haraka. Mmea mzima ukinyauka mchana huku udongo una maji, hilo ni la mizizi au shina. Na baada ya maua ya sasa kuwa matunda, kama umebadilisha umwagiliaji na bado karibu nusu ya hoho ni mbovu ndani, tafuta mtu wa kuja kuona. Anza na afisa ugani wa kata yako. Upo Morogoro, kwa hiyo una bahati: Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kina wataalamu wa magonjwa ya mimea hapo hapo mjini. Aliye Arusha anaweza kwenda Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na aliye Kenya aulize KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo la huko.

Ukienda, usipeleke hoho uliyokwisha kuikata, maana ndani ya saa chache inavamiwa na ukungu wa hewani na mtaalamu hatajua yupi alitangulia. Chuma nne au tano asubuhi ile ile, zikiwa na vikonyo vyake, kubwa kwa ndogo, uzifunge kwenye gazeti kavu badala ya mfuko wa nailoni. Ongeza tawi lenye maua yaliyofunguka. Beba na chupa ya dawa uliyonunua, hata kama hujaifungua.